Jogoo Aliyeuzwa Kabla ya Ibada

Jumatatu, 4 Agosti

Uyoga umekufa wote. Dorkasi kagundua kabla yangu, kwa harufu. Hakusema neno mpaka alipomaliza kuosha vyombo, na mke wangu akinyamaza kiasi hicho huwa natafuta viatu vyangu viko wapi.

Halafu akasema. Kwamba uyoga ndio wa mwisho. Kabla ya uyoga walikuwepo nyuki (walihama). Kabla ya nyuki, sungura (waliliwa, na walaji ni sisi wenyewe). Kwamba kaka yake Heri bado anatafuta mtu wa kukaa kaunta kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi kule Mombo. Kwamba Jumapili ya Mavuno ikifika na mimi sijamaliza hata jambo moja likaonekana, nitashuka kwa Heri.

Mombo! Mimi mtu wa ukungu! Nimezaliwa hapa Lushoto, nimekua ndani ya sweta. Kule chini mtu anatoka jasho akiwa amekaa. Na Heri ataniita “Mtaalamu” mbele ya wateja, akiwa anatafuna kijiti cha meno. Simchukii shemeji yangu. Nampenda akiwa Mombo na mimi nikiwa huku.

Lakini Mungu si Athumani. Leo nimempeleka binti yetu Glory Shule ya Jumapili kuchukua kitabu alichosahau, nikakumbuka kwamba darasa lao halina paa tangu upepo wa Juni. Watoto wanasomea stoo ya kwaya, katikati ya ngoma. Mnada wa Mavuno mwaka huu ni wa kununua mabati kabla ya mvua za vuli. Na mnada wetu unakosa kitu gani? Tovuti!

Cheti ninacho. Semina ya Tanga, “Usanifu wa Tovuti kwa Wote”. Dorkasi amekitundika nyuma ya mlango, chini ya makoti.

Jumatano, 6 Agosti

Kamati ya Mavuno. Nimevaa tai.

Nilijua wazee hawatapenda maneno magumu, kwa hiyo nilijiandaa kuwafafanulia kwa mifano ya hapa hapa. Nikasema tovuti ni kama duka ambalo mteja analiingia bila kupanda mlima. Walipenda. Nikasema kivinjari ni ile programu ya kwenye simu inayokupeleka kwenye hilo duka, kama dereva anayejua njia. Walipenda. Ningeishia hapo! Nikaendelea. Nikasema tovuti lazima ikae mahali, nako ni kwenye seva, yaani kompyuta kubwa isiyozimwa, na kwamba sisi tutapanga nafasi humo, kama mtu anavyopanga chumba mjini.

Mzee mmoja akasimama. Akauliza usharika upange kwa sababu gani wakati una ardhi. Akakumbusha kuna kiwanja nyuma ya kanisa, chini ya mikaratusi, hakina kazi. Mwingine akapinga, akasema pale mikaratusi imekausha maji yote, tovuti haitastawi. Wa tatu akasema kama kompyuta yenyewe haizimwi, basi inahitaji mlinzi, na mlinzi awe Msharika. Wakajadili kiwanja mpaka chai ikaja. Nilipojaribu kuwarudisha wakadhani nakidharau kiwanja. Kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa: eneo la tovuti litapimwa.

Mzee Elieshi alingoja mpaka habari ya kiwanja ikaisha. Huyu ndiye mnadi wetu tangu sijabatizwa. Ana sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili. Alinyoosha mkono kwa adabu, akauliza kama hiyo tovuti itaimba. Kwa sababu yeye kati ya bei na bei huimba, na watu huitikia. Nikamwambia kwa heshima kwamba sauti huifanya tovuti iwe nzito kufunguka.

Akasema ahaa. Ahaa tu! Ile ahaa ya mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Nilidhani nimekwisha. Mchungaji ndiye aliyeniokoa. Alisema kila mwaka watoto wa usharika walioko Dar humpigia simu kulalamika kwamba mnada unawapita, hasa Alen, yule kijana wetu mwenye biashara ya vigae. Kama tovuti itamfikia Alen, basi ijaribiwe. Ikapita.

Dorkasi nilipomwambia aliendelea kumenya viazi. Ila alimenya polepole, na kwake hiyo ni dalili njema.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeshinda stationeri kwa Scholastica. Ni Mkatoliki, ni jirani, ana kompyuta inayowaka, na hana haraka ya kunidai.

Kwanza kikoa. Hili ni jina la tovuti, lile ambalo mtu anaandika ili afike. Niliwafafanulia wazee kwamba ni kama jina la juu ya geti. Kosa langu. Wameniletea jina la usharika, jina la jimbo, mwaka kanisa lilipojengwa, na nusu ya mstari wa Zaburi. Niliwaambia jina zuri ni fupi. Wakasema geti letu ni pana. Scholastica amelichapa akalazimika kupumzika katikati.

Pili, kiolezo. Fundi cherehani mwenye akili hakati kitambaa kwa kukisia, huweka nguo ya zamani juu yake akafuata mstari. Kiolezo ndiyo hiyo nguo ya zamani: tovuti iliyokwisha kupangwa na mtu mwingine, wewe unabadilisha maneno na picha. Nimepata kizuri sana, cha bure. Kilitengenezwa kwa ajili ya duka la viatu. Hakuna atakayejua.

Tatu, ukurasa wa mwanzo. Niliandika kwenye kundi la kamati kwamba huu ni kama sebule, ndipo mgeni anapokaribishwa. Ndani ya muda mfupi nikapokea picha za kila mtu anayestahili kutundikwa sebuleni. Mwenyekiti na suti. Mwenyekiti bila suti. Mama Mchungaji na kwaya ya akina mama. Marehemu babu yake mhazini. Nikatumia akili: nikaweka picha zinazopishana, moja inakuja nyingine inakwenda. Mwenyekiti amepita hapa jioni kuitazama yake. Kila ilipokuja alikuwa anapiga chafya, ikampita.

Ninafurahi. Nitasema wazi, nina furaha. Kitu ninachokifanya kinaonekana kwenye kioo na kinatembea. Nyuki hawakuwahi kunipa hisia hii.

Jumapili, 10 Agosti

Siku mbaya! Mbaya!

Ilianza vizuri. Mchungaji alitangaza tovuti baada ya matangazo ya ndoa. Watu wakageuka kunitazama. Dorkasi alirekebisha kilemba.

Sasa, kuna kitu kwenye violezo kinaitwa maandishi ya kushikia nafasi. Ni maneno yasiyo na maana yanayowekwa ili uone ukurasa utakavyokuwa ukijaa, ndipo baadaye uandike yako. Mara nyingi ni Kilatini, kilichokatwakatwa. Mimi niliyasahau. Chini ya picha ya Mchungaji. Aya tatu.

Ibada haijaisha, wazee wa nyuma wameshafungua simu. Walutheri wa kuzaliwa, wajukuu wa Walutheri, wanasoma Kilatini chini ya picha ya mchungaji wao! Mmoja alidhani ni siri imevuja. Mwingine alidhani ni mimi nimehama dhehebu na ninawavuta. Tulipotoka nje mhazini alinishika kiwiko akaniuliza taratibu kama nina shida nyumbani.

Nikaeleza. Nikasema ni kama pale bombani, mtu akiweka ndoo kwenye foleni halafu akaenda zake: ndoo si mtu, inamshikia nafasi tu. Walielewa. Ila wakauliza kwa nini ndoo yenyewe ni ya Roma.

Wakamwita Scholastica, aliyekuwa anapita akitoka misa. Akasoma kwa makini, mdomo ukichezacheza. Akasema ni Kilatini kweli, lakini si misa yoyote anayoijua, na kama kuna padri anasali hivi basi hata wao wangemfukuza.

Hapo Mzee Elieshi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na watu wakacheka naye, ikawa ndiyo nafuu yangu. Sikupenda kuokolewa na yeye.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefuta Kilatini. Nimeandika historia fupi ya Mchungaji badala yake. Saa sita nzima wazee wanasema Kilatini bado wanakiona. Kumbe ni kache: simu huhifadhi nakala ya ukurasa ili isiupakue upya kila mara. Nikawaeleza kwamba ni kama jirani aliyetoka kwenu asubuhi. Ukimuuliza habari za kwenu jioni atakupa za asubuhi. Lazima urudi mwenyewe ukaangalie.

Wakarudi wenyewe, wakaangalia. Walikuja nyumbani kwangu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimewaita kamati waujaribu ukurasa wa mnada kabla ya Jumapili. Nilitaka waone nilivyoupanga, kila zao na picha yake na kitufe chake. Hakuna aliyeuona.

Sababu ni vidakuzi. Nilidhani hili ni jepesi. Tovuti huacha alama ndogo kwenye simu yako ili ukirudi ikutambue, kama Mangi wa dukani anayejua wewe ni mtu wa majani ya chai na kiberiti kabla hujasema. Kwa sababu ni adabu, tovuti huomba ruhusa kwanza. Kinatokea kibao: Nakubali.

Wazee wote wakaweka simu mezani.

Mzee mmoja akasimulia habari za babu wa babu yake. Alikuja mtu na karatasi, akasema weka dole hapa, ni kukubali tu. Akaweka. Bonde lote la chini likaondoka, lile lenye maji. Kila familia mezani ilikuwa na bonde lake. Tulipita mabonde mengi. Huku kwetu mtu hakubali kitu kabla hajasomewa mpaka mwisho, na maandishi ya vile vidakuzi mimi mwenyewe sikuwa nimeyasoma.

Nikayafungua ili niwasomee. Ni marefu kuliko Waraka kwa Warumi. Nilifika kwenye “washirika wetu wengine” na mwenyekiti akataka majina yao na wanaishi wapi.

Tukavunja kikao. Wakasema wananiamini, nifanye nitakavyo, ila wao hawatabonyeza. Nimeichukua kama kura ya imani.

Ijumaa, 15 Agosti

Kazi kubwa leo. Sadaka za mavuno zimeanza kuletwa ukumbini: viazi, karoti, kabichi za ukubwa wa kutisha, boga, mkungu wa ndizi, asali, mbuzi mmoja, na jogoo mwekundu ambaye amenitazama vibaya tangu mwanzo. Nikapiga picha. Jogoo hakukubali kusimama kwenye mwanga.

Tatizo dogo: kiolezo cha viatu. Kila bidhaa lazima ijazwe ukubwa, la sivyo ukurasa unakataa. Jogoo nimempa arobaini. Mbuzi arobaini na nne. Kabichi nimezipa saizi za watoto.

Kisha nikaweka kapu. Hili ni kapu kama la sokoni, unatia unachotaka, halafu unakwenda kulipa. Kila zao lina bei ya kuanzia, na kitufe: Nunua. Anayebonyeza na kulipa kwa simu ndiye mwenye mali. Linaandikwa IMEUZWA, linafungwa. Safi! Mnada wa Mzee Elieshi hula mchana kutwa, jogoo mmoja anazunguka mpaka watu wanaona njaa. Wangu utakwisha kabla chai haijapoa. Nitaufungua Jumapili alfajiri, ili walio mbali wapate nafasi.

Nimehakikisha tovuti inajirekebisha pia. Maana yake inakaa vizuri kwenye kioo kikubwa na kidogo, kama ugali wa bada, ule wa muhogo, unavyokaa kwenye sahani yoyote utakayopewa.

Narudi nyumbani nikampita Mzee Elieshi amekaa kwenye gogo nje kwake. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama kazi inakwenda. Kila mwaka wiki hii huwa namsikia akijaribu sauti, nyumba zote za upande huu hujua bei ya jogoo kabla ya Mavuno. Mwaka huu hajajaribu. Nilitaka kumuuliza, nikaona aibu. Nilijisikia vibaya mpaka kwenye kona. Halafu nikakumbuka Mombo.

Jumapili, 17 Agosti. MAVUNO

Naandika nikiwa jikoni. Dorkasi amelala, au amejifanya.

Alfajiri nimefungua mnada. Kabla sijavaa, simu ikalia. Alen amenunua jogoo! Nikiwa napiga mswaki, mbuzi. Alen tena. Kisha mabinti wawili walioko Arusha, kisha kijana wa Dodoma, asali, ndizi, viazi. Nikakimbia ukumbini na karatasi na gundi, nikabandika IMEUZWA kwenye kila kitu. Jogoo nilimbandika kwenye tenga, akainyofoa, nikabandika nyingine.

Wakati wa mahubiri sadaka zimekwisha zote. Zote! Nilimwonyesha Dorkasi simu chini ya kitabu cha nyimbo. Akanifinya mkono. Alikuwa anatabasamu. Miaka mingi sijalipata tabasamu lile kanisani.

Tukatoka nje. Ukungu umeondoka, jua zuri. Mazao yamepangwa kwenye majamvi, kwaya imejipanga, watu wamevaa, wazee wamekaa mbele na hela zao ndani ya leso. Mzee Elieshi akasimama katikati na fimbo yake, akakohoa, akamwinua jogoo.

Nikapanda kwenye ngazi nikatangaza. Nikasema ndugu washarika, teknolojia imetutendea. Kila kitu kimeshauzwa. Tunaweza kwenda kula.

Hakuna aliyepiga makofi.

Mzee Elieshi akasema vizuri, ashukuriwe Mungu, basi aliyemnunua amrudishe tuanze. Nikasema hapana, ameuzwa, tovuti imefunga. Akadhani sijaelewa. Akanifafanulia taratibu, mimi niliyezaliwa hapa hapa! Kwamba mtu akinunua jogoo wa Mavuno hachukui. Anatoa hela, anasema arudi mnadani, ananunua mwingine, naye anarudisha. Jogoo yule yule anauzwa mpaka anasinzia. Ndiyo yanayojenga kanisa hayo. Nilijua! Nimeyaona kila mwaka tangu nikiwa mgongoni. Ila nilipokaa mbele ya kile kitufe cha Nunua, yakanipotea kichwani. Duka la viatu haliuzi kiatu kimoja mara tisa.

Kila kitu kilikuwa kimeondoka kwa bei ya kuanzia. Mhazini alikadiria kichwani, akasema itatosha misumari.

Lakini si hiyo iliyoniumiza zaidi. Kulikuwa na bibi mmoja wa juu kabisa, karibu na msitu, aliyelileta boga lake Ijumaa akiwa amelibeba kichwani. Aliniuliza boga lake litaitwa saa ngapi. Nikamwambia, Bibi, limeshanunuliwa na mtu wa Arusha. Akasema sawa mwanangu, lakini litaitwa saa ngapi. Alitaka kusikia. Alitaka Elieshi aseme hili ni boga la fulani, binti wa fulani, na watu waitikie. Ameshuka tena mlima wote kwa ajili hiyo. Sikuwa na kitufe cha kumpa.

Nilitafuta uso wa Dorkasi. Alikuwa ametazama chini.

Ndipo simu ya Mchungaji ikaita. Alen. Alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, amepokea ujumbe unaosema viatu vyake saizi arobaini viko njiani. La pili, yuko sebuleni kwake na mke na watoto, amewaita na jirani, wanasubiri kusikia mnada na hawasikii kitu. Jogoo kamnunua ili amrudishe! Angemla vipi akiwa Dar?

Mchungaji akaweka simu kwenye sauti kubwa, akaisogeza kwenye kipaza sauti. Alen akapiga kelele kwamba jogoo arudi mnadani, na mbuzi arudi, na boga yeyote aliyelinunua naye alirudishe asilete mchezo.

Mzee Elieshi akavua kofia. Akavuta pumzi. Na ile sauti ikatoka! Nadhani ilifika Soni. Aliimba, watu wakaitikia, ngoma zikapokea, Alen akawa anaitikia kutoka Dar akichelewa kidogo. Mabinti wa Arusha wakapiga kwenye simu ya Mama Mchungaji. Jogoo alizunguka mpaka akalaza shingo. Boga likaitwa kwa jina la bibi, jina la baba yake na jina la kijiji, na bibi akasimama akacheza.

Mimi nilikuwa nyuma nabandua karatasi. IMEUZWA, IMEUZWA, IMEUZWA. Nilifurahi na nilitaka ardhi inimeze, vyote kwa pamoja. Mwishowe mhazini akatangaza: mabati yamepatikana, na mifereji ya kukingia maji. Glory alinikumbatia mguu. Yeye anaamini ni mimi.

Dorkasi alitembea mbele yangu njiani. Tulipofika alichukua lile begi la juu ya kabati, akalifuta vumbi.

Jumatatu, 18 Agosti

“Onga makeo”, ile salamu yetu ya asubuhi, mlangoni. Mzee Elieshi. Amekuja na karoti. Nikampa kiti, nikasubiri kusemwa.

Hakunisema. Alikunywa chai. Akasema paa limepatikana, na watoto wa Dar wamesikika, na hilo lisingekuwepo kama si kelele zangu, kwa hiyo ananishukuru. Kisha akatazama nje, akasema alidhani tovuti imeletwa kwa sababu yeye amezeeka na sauti imechakaa na watu wanaona haya kumwambia. Ndiyo maana hakujaribu sauti wiki ile. Alikuwa anaaga.

Ilinichoma. Sikuwahi kufikiria hata siku moja kwamba ninamwondolea mtu kitu. Nilimwomba radhi, nikamaanisha. Akasema yamekwisha.

Akaondoka akiniachia neno moja. Kwamba fundi mzuri kabla hajakata kitambaa humpima kwanza atakayevaa. Nimeliona ni neno la maana sana. Nimeliandika hapa ili nisilisahau.

Dorkasi amepanga mashati mepesi na chandarua. Nilimkumbusha kwamba jambo lilifika mwisho na likaonekana. Alikubali kwamba lilionekana. Alisema hanishushi kwa hasira, ila ada ya Glory haisubiri uyoga, na kwamba nitapanda kila mwisho wa wiki na yeye atanipikia. Akanikunja kola. Macho yake yalikuwa yamelowa, na yangu pia.

Jumatatu, 25 Agosti. MOMBO

Joto. Naandika nikiwa nimefunika kichwa kwa leso yenye maji.

Nimekosea kumfikiria vibaya shemeji Heri. Ni mtu mwema. Amenipa chumba chenye feni. Ananiita Mtaalamu, kama nilivyotabiri, lakini chakula anakata kingi. Jioni ya kwanza alisema kazi yangu ni kuuza tu, nisibuni kitu.

Duka lake, hata hivyo, linasikitisha. Nimelichunguza wiki nzima. Hakuna bei hata moja iliyoandikwa! Mteja akiingia Heri humtazama viatu, humuuliza kwao wapi, humuuliza anajenga nyumba ya nani, ndipo hutaja bei. Mwalimu anapata yake. Fundi anapata yake. Mkandarasi kutoka Korogwe anapata yake, na hiyo hutajwa polepole. Bati ni lile lile! Nilimwona mzee wa Mnazi na mkandarasi wamesimama bega kwa bega, wananunua misumari ya boksi moja kwa bei mbili, wote wakaondoka wakimshukuru.

Vurugu tupu. Na dawa yake naijua.

Somo la Lushoto nimelishika barabara. Nimelitafakari kila usiku chini ya feni. Kosa lilikuwa kamati. Watu wengi mno, maswali mengi mno. Safari hii nimefanya peke yangu, kimya kimya. Na neno la Mzee Elieshi nimelifuata: nimepima. Picha zote zinatosha kwenye simu, hata zile ndogo.

Kiolezo ni cha duka la mashela ya bibi harusi. Kinapendeza sana, saruji inaonekana kama keki. Kila bidhaa ina bei yake moja, wazi, kwa kila mtu. Na ili wateja wetu watuamini, pembeni yake nimeweka na ile bei ambayo shemeji mwenyewe ananunulia kiwandani. Mtu anaona kwa macho yake faida iko wapi. Uwazi! Hakuna duka lingine barabara hii lenye kitu kama hicho.

Leo asubuhi nimetuma kiungo kwa kila mteja aliye kwenye simu ya dukani. Kiungo ni njia ya mkato tu: unakigusa, umefika. Wakandarasi wote, Korogwe mpaka Magoma. Wameshaanza kufika. Simu ya dukani haiachi kulia, sauti zao ziko juu, wote wanamtaka Heri mwenyewe. Sijawahi kufanikiwa haraka hivi!

Shemeji hajui bado. Amekwenda kufuata mzigo Korogwe na simu yake imeisha chaji. Nataka iwe zawadi. Nimemwekea kiti kivulini na soda ya baridi, maana furaha ya ghafla si nzuri kwa mtu mnene.